Mpe, Chris: kisa cha Derek Bentley na swali la aliyeshika kasia

Mama mmoja wa Ukerewe alifika ofisini kwetu hapa Mwanza akiwa amevuka na meli ya asubuhi kutoka Nansio, akakaa kwenye benchi, akauweka mkoba wake mapajani na kuushika kwa mikono miwili muda wote tuliozungumza. Kijana wake alikuwa mahabusu katika Gereza la Butimba kwa shitaka la mauaji yaliyotokea ziwani usiku, wakati wa uporaji wa mashine ya mtumbwi. Swali lake lilikuwa moja tu. "Baba, mwanangu alishika kasia. Panga alikuwa nalo mwenzake. Mbona shitaka ni moja?"

Kesi ya kijana yule sitaieleza hapa, kwa kuwa iko mbele ya mahakama na si yangu kuitangaza. Ila swali la mama huyo limewahi kuulizwa mbali sana na ziwa letu, na familia nyingine, juu ya kijana mwingine ambaye jibu alilopewa lilimfikisha kwenye kamba. Kisa hicho ndicho nilichomsimulia, na ndicho ninachokichambua hapa, kwa sababu sheria iliyomnyonga Derek Bentley na sheria inayotumika leo katika Mahakama Kuu ya Mwanza zimetoka katika shina moja, na mahali zilipoachana panastahili kuangaliwa kwa makini.

Usiku wa Jumapili, tarehe 2 Novemba 1952, kiasi cha saa tatu na robo, vijana wawili walipanda lango la ghala la kampuni ya peremende katika Barabara ya Tamworth, mjini Croydon, kusini mwa London. Mmoja aliitwa Christopher Craig, mwenye umri wa miaka 16. Wa pili alikuwa Derek Bentley, mwenye miaka 19. Kutoka langoni walipanda bomba la maji ya mvua hadi kwenye paa tambarare la ghala. Mtoto wa kike wa miaka tisa, aliyekuwa dirishani katika nyumba ya ng'ambo ya barabara, aliwaona, na wazazi wake wakaita polisi. Craig alikuwa na bastola kubwa iliyokatwa mtutu. Bentley alikuwa na kisu mfukoni, pamoja na chuma cha kuvaa vidoleni cha kupigia ngumi, ambacho alikuwa amepewa na Craig.

Kwa lugha ya sheria zetu, walichokusudia kilikuwa kuvunja jengo na kuiba, wala si unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa maana hapakuwa na mtu wa kutishwa ndani ya ghala. Usiku ule hawakuiba hata pipi moja.

Askari wa upelelezi Frederick Fairfax alipanda bomba lile lile, akamfikia Bentley na kumkamata. Bentley akachomoka. Ni hapo ambapo, kwa ushahidi wa polisi, alipaza sauti na kumwambia mwenzake maneno machache ambayo nitayarudia baadaye. Craig akafyatua, risasi ikampata Fairfax begani. Pamoja na jeraha hilo, Fairfax alimkamata Bentley mara ya pili, akampekua, akakiona kisu na kile chuma. Kuanzia hapo Bentley alibaki mikononi mwa polisi. Hakupigana tena, wala hakukimbia, ingawa askari aliyemshika alikuwa anavuja damu na angeweza kusukumwa. Ilipita kama robo saa hivi. Askari wengine wakaja kwa ngazi ya ndani ya jengo, mlango wa kutokea juu ya paa ukafunguliwa kwa nguvu, na wa kwanza kujitokeza akawa Konstebo Sidney Miles, mwenye umri wa miaka 42. Risasi ilimpiga kichwani, akafia palepale. Craig aliendelea kufyatua mpaka risasi zikamwishia, kisha akajirusha chini, kimo cha kama mita tisa, akavunjika uti wa mgongo na kifundo cha mkono.

Mtu yeyote anayekisoma kisa hiki kwa huruma ya Bentley, kama ninavyokisoma mimi, asimsahau Miles. Alikuwa mtu wa kazi aliyefungua mlango kwa sababu mwenzake alikuwa amejeruhiwa upande wa pili. Huku kwetu wavuvi wa dagaa wanaovamiwa usiku katikati ya maji, wakaporwa mashine na nyavu na wengine wasirudi mwaloni, yaani ufukweni wanakoshushia samaki, wana haki ile ile ya kutajwa kwanza. Hasira ya watu wa Igombe au Kirumba kwa majambazi wa ziwani ina sababu, nami siiiti ushabiki wa kisasi.

Kesi ilisikilizwa London, katika mahakama ya Old Bailey, kwa siku tatu tu, kuanzia tarehe 9 hadi 11 Desemba 1952, mbele ya Lord Goddard aliyekuwa Jaji Mkuu wa Uingereza. Juri, yaani raia 12 wanaoamua hatia, walitumia dakika 75. Waliwatia hatiani wote wawili kwa mauaji, lakini kwa Bentley waliongeza ombi kwamba ahurumiwe. Craig, kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka 18, hakuweza kunyongwa, akafungwa bila muda maalumu na kuachiwa mwaka 1963. Bentley alihukumiwa adhabu pekee iliyokuwapo. Rufaa yake ilitupwa tarehe 13 Januari 1953, na saa tatu asubuhi ya tarehe 28 Januari alinyongwa katika Gereza la Wandsworth. Tangu hukumu hadi kamba zilipita siku 48. Aliyefyatua risasi aliishi, na aliyekuwa ameshikwa na polisi ndiye aliyekufa.

Sasa turudi kwenye maneno yale. Polisi watatu walidai kwamba Bentley alisema jambo ambalo kwa Kiswahili tungelitafsiri kwa ufupi hivi: "Mpe, Chris." Craig na Bentley wote walikana kwamba maneno hayo yalitamkwa. Lakini hata tukikubali kwamba yalitamkwa, yana sura mbili, na jambo linalonishangaza kila ninapofundisha kisa hiki ni kwamba Kiswahili kimezibeba sura hizo mbili bila kukosa chochote. Askari akinyosha mkono kudai silaha, "mpe" ni kumwambia mwenzako aitoe, yaishe. Watu wakiwa wamezunguka ugomvi stendi, "mpe!" ni kuchochea ngumi. Anayesikia hutegemea sauti, uso, na kilichotokea sekunde iliyotangulia, na hayo yote karatasi ya ushahidi haiyabebi. Upande wa mashtaka ulichukua sura ya pili, na jaji alipowaeleza juri muhtasari wa ushahidi aliupa uzito mkubwa. Maisha ya kijana yakawa yamening'inia kwenye kitenzi kimoja.

Vijana wanaosomea kazi ya usaidizi wa kisheria huniuliza kama maneno hayo yalikuwa na ulazima wowote, kama sheria ilikuwa tayari inamfunga mtu kwa kuwapo tu. Ni swali zuri. Jibu ni kwamba maneno yale yalifanya kazi ya kuunganisha. Bila hayo, Bentley alikuwa mtu aliyekuja kuiba na mwenye bastola, akakamatwa. Kwa kuwa nayo, alionekana mtu aliyeitaka risasi ya kwanza itoke, na kwa hiyo mshirika wa risasi zote zilizofuata, hata ile iliyotoka robo saa baadaye akiwa chini ya ulinzi.

Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa na nguzo mbili zilizomwangukia. Ya kwanza ni ushirika katika kosa: wanaotoka pamoja kwa jambo ovu hubeba pamoja matokeo yake. Ya pili ni dhana kwamba anayesababisha kifo cha askari kwa kupinga ukamataji halali ana hatia ya mauaji hata kama hakukusudia kuua. Nguzo ya pili Waingereza wenyewe waliiondoa mwaka 1957 kwa sheria ya mauaji ya mwaka huo. Ya kwanza waliipunguza makali mwaka 2016, Mahakama ya Juu yao iliposema kwamba kuhisi tu kwamba mwenzako anaweza kuua hakutoshi kukufanya muuaji.

Huku kwetu nguzo zote mbili zimesimama. Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema kwa maana kwamba watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kutenda jambo lisilo halali, na katika kulitenda likatokea kosa ambalo ni matokeo yanayotarajiwa ya jambo hilo, kila mmoja huhesabiwa kuwa amelitenda. Kifungu cha 200 kinaeleza nia ovu, ambayo ndiyo inayotenganisha mauaji na kuua bila kukusudia, na miongoni mwa aina zake imo nia ya kutenda kosa lolote ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu. Unyang'anyi wa kutumia silaha, chini ya kifungu cha 287A, adhabu yake huanzia miaka 30. Unganisha vifungu hivyo vitatu na utaelewa kwa nini mshika kasia husomewa shitaka lile lile na mshika panga. Aliyekwenda kupora mashine usiku pamoja na mwenye panga alikuwa tayari na nia ambayo sheria inaiita ovu, na kifo cha mvuvi anayeing'ang'ania mali ya tajiri wake si jambo la kushangaza kwa mtu yeyote anayeyajua maisha ya mwaloni.

Nilimwambia mama hivyo, bila kumfunika. Ingekuwa dhambi kumpa matumaini ya uongo ya kwamba kasia ni ulinzi.

Lakini kuna swali la muda, na hapa ndipo kisa cha Croydon kinapotufaa zaidi. Je, ushirika wa Bentley ulikuwa bado hai robo saa baada ya kukamatwa? Mtu aliyeshikwa, asiyepigana wala kukimbia, anaendelea vipi kuwa na nia ya pamoja na mtu anayefyatua risasi upande wa pili wa paa? Juri ya 1952 hawakuelekezwa ipasavyo juu ya jambo hili. Kwenye kesi za nchi kavu, wakili anaweza kuonyesha kwamba mteja wake alikimbia, aligeuka nyuma, alifika nyumbani kabla ya tukio. Ziwani mambo ni magumu. Mtu aliyeingia kwenye mtumbwi Sengerema au Ukara hana mlango wa kutokea maji yakishakuwa mengi. Kujitoa kwake, kama alijitoa, kunaweza kuonekana tu katika vitu vidogo: alisema nini, alikataa kupiga kasia wapi, aliacha kusogeza mtumbwi karibu na wa wenzao saa ngapi, alimwokota nani majini. Nimeona kesi ambapo wakili mtetezi hakuuliza hata swali moja la namna hiyo, na shahidi aliyejua akashuka kizimbani na majibu yake.

Jambo jingine lililofichika katika kesi ya Bentley ni maelezo yake ya polisi. Bentley hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa na kifafa, na akili yake ilipimwa kuwa sawa na ya mtoto wa miaka 11, jambo ambalo juri hawakuelezwa. Polisi walisema maelezo yake yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyoyasimulia bila kuulizwa maswali. Miaka mingi baadaye mtaalamu wa lugha, Malcolm Coulthard, aliyachambua na kuonyesha kwamba neno la Kiingereza lenye maana ya "kisha" limejirudia mno ndani yake, tena limewekwa mahali ambapo watu wa kawaida hawaliweki wanapozungumza, bali polisi ndio hulipanga hivyo wanapoandika ripoti. Kwa maneno mengine, mkono wa askari ulikuwa umeacha alama zake kwenye kinywa cha mshitakiwa.

Yeyote aliyewahi kusoma maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, katika majalada yetu atalitambua jambo hili mara moja. "Nakumbuka mnamo tarehe fulani majira ya saa mbili usiku nikiwa maeneo ya mwalo fulani, ndipo nilipofuatwa na mtuhumiwa mwenzangu..." Hakuna mvuvi wa visiwa vyetu vya Kome au Ghana anayezungumza hivyo. Kijana aliyezoea Kisukuma au Kikerewe nyumbani, na Kiswahili cha mwaloni kazini, hawezi kumwita rafiki yake "mtuhumiwa mwenzangu" kabla hajajua kwamba yeye mwenyewe ni mtuhumiwa. Sisemi kwamba kila maelezo ya namna hiyo ni ya uongo. Askari hupanga maneno kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Nasema kwamba "tulikwenda", "tulikubaliana" na "tulimpiga" ni vitenzi vyenye kiambishi kile kile cha "tu", na mwandishi mwenye haraka akiandika "tu" mahali palipotamkwa "a", nia ya pamoja imeshathibitika kwenye karatasi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila nyongeza halali hupingwa na mara nyingi huondolewa kwenye kumbukumbu. Ulinzi huo ni wa kweli, ila unalinda saa. Herufi haina anayeilinda isipokuwa wakili anayesoma polepole.

Baada ya rufaa ya Bentley kutupwa, iliyobaki ilikuwa huruma ya serikali. Wabunge wapatao 200 walitia saini ombi la kumwokoa, watu wakakusanyika barabarani, na baba yake, William, hakulala. Waziri wa Mambo ya Ndani, David Maxwell Fyfe, akakataa. Siku ya mwisho kijana aliandikiwa barua na askari wa gereza, kwa kuwa hakuweza kuandika, na katika barua hiyo alimkumbusha baba yake asiache fremu za baiskeli zake zishike kutu, huenda zikafaa siku moja. Mama wa Ukerewe aliponisikia nikisema hivyo ndipo alipouachia mkoba.

Tanzania haijamnyonga mtu tangu mwaka 1994. Septemba 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu, Rais John Magufuli alisema wazi kwamba asingetia saini amri ya kunyonga. Kamba imelala, lakini hukumu haijalala. Kifungu cha 197 kinamwachia jaji adhabu moja tu kwa mauaji, kunyongwa hadi kufa, isipokuwa kwa mjamzito na kwa aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alitamka kwamba adhabu hiyo inakwenda kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu yake mwaka uliofuata. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba ulazima wa adhabu hiyo unavunja haki ya kuishi. Majirani zetu wanaonawa maji ya ziwa hili hili wamekwisha kusogea: Uganda iliuondoa ulazima huo kwa hukumu ya Mahakama ya Juu mwaka 2009, na Kenya kwa kesi za mauaji mwaka 2017, ingawa Kenya bado ina adhabu ya kifo hata kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu ambao haukuua mtu.

Rai yangu ni hii, na nimeishikilia kwa miaka mingi. Sipingi kwamba mshika kasia anaweza kuwa na hatia ya mauaji. Ninachopinga ni jaji kuzuiwa kutofautisha mkono na mkono anapofika kwenye adhabu. Juri ya 1952 walimwona Bentley siku tatu, wakaona kuna tofauti, wakaisema kwa sauti, na sheria haikuwa na mahali pa kuiweka tofauti hiyo ila mezani kwa waziri. Hapa kwetu Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe, na kwa miaka yote hii uwezo huo, au ukimya wake, ndio uliofanya kazi ambayo ilipaswa kuwa ya mahakama. Wakati huo mtu anakaa miaka kwenye chumba cha wanaosubiri kunyongwa, bila kujua kama rais ajaye atakuwa na kalamu ya namna gani.

"Na yule wa London," mama akauliza, "jina lake lilisafishwa?"

Lilisafishwa. Mwaka 1993 ulitolewa msamaha uliohusu adhabu tu, hatia ikabaki. Tarehe 30 Julai 1998 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, chini ya Lord Bingham, iliitengua hatia yenyewe, ikieleza kwamba maelekezo ya Lord Goddard kwa juri yalimnyima Bentley kesi ya haki. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Dada yake, Iris, aliyehangaika na jambo hilo maisha yake yote, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha nikafungua jalada jipya, nikamuuliza maswali niliyokuwa nayo: mwanao alikamatwa saa ngapi na wapi, alipokamatwa wenzake walikuwa wapi, maelezo yake aliyaandika nani, na kwa lugha gani. Aliweza kunijibu moja tu, kwamba kijana alisoma hadi darasa la tano na nyumbani huzungumza Kikerewe. Nikaliandika. Saa ya kukamatwa hakuijua, basi tukakubaliana kwamba siku inayofuata twende wote Butimba tukamuulize mwenyewe.